Uso wa Vipande Vitatu

Mimi siwezi kukaa na jambo zuri peke yangu. Likinipata, lazima nimpate mtu wa kumwambia, na asiponisikiliza nagombana naye. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nne asubuhi, nilitoka mbio studio kwangu na gundi vidoleni, nikavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, nikamvamia daktari wa meno akiwa kazini.

"Daktari! Kidevu chako kimemkaa bibi wa piano!"

Daktari alikuwa amemwinamia mgonjwa. Akainuka taratibu. "Kimefanya nini?"

"Kimemkaa! Kama alizaliwa nacho. Njoo uone."

Alinijua, basi hakubishana. Alivua glavu akanifuata, na mgonjwa naye akashuka kitini, pamba mdomoni, akaja nyuma yetu. Nadhani alifurahi kupata nafasi ya kutoroka.

Studio yangu ni ya picha za pasipoti na vitambulisho. Ni chumba kimoja: ukuta mweupe, kiti kisicho na mgongo, taa mbili, kompyuta, na printa pana niliyoinunua zamani kwa ajili ya mabango. Nimekaa humo miaka ishirini na miwili nikiwaambia watu wasicheke. Picha ya pasipoti ina masharti yake, na hayana huruma: upana milimita thelathini na tano, urefu arobaini na tano, kichwa kisivuke hapa, macho yakae pale, shingo isiiname, meno yasionekane. Nimeyachukia masharti hayo tangu siku ya kwanza. Mtu anaingia ana uso wake mzuri wa kila siku, anatoka kwenye karatasi amekaa kama anasubiri hukumu.

Sasa, maktaba ya jiji ilikuwa imehamia jengo jipya, na msimamizi wake alikuwa anatafuta kazi ya kuning'iniza kwenye ukuta wa mlangoni, kuhusu usawa wa watu wa rangi zote. Ni mama mmoja mrefu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na akiitafuta hajui hata moja iko wapi. Mtaa wetu ndivyo ulivyo, una kila rangi ya mtu: weusi, weupe, waliotoka Asia babu wa babu zao, na waliochanganyika mpaka wenyewe wameacha kuhesabu. Nilimpelekea wazo langu. Nitachukua nyuso za majirani, nizikate vipande vitatu, paji, macho na pua, kisha mdomo na kidevu, halafu nizichanganye nipate nyuso mpya. Akasema niandae tano, atakuja kuziona Ijumaa saa kumi jioni. Zikimpendeza, ukuta ni wangu. Zisipompendeza, kuna mchoraji anasubiri na maua yake. Mchoraji huyo namjua. Maua yake nayajua pia, na sikuwa tayari kushindwa na maua.

Na hapo ndipo yale masharti niliyoyachukia yaliponishangaza. Kwa kuwa kila mteja wangu amepigwa kwa kipimo kilekile, macho mstari mmoja, kidevu mstari mmoja, paji la yeyote linakaa juu ya macho ya yeyote. Hakuna kuvuta, hakuna kupunguza. Nilichapisha nyuso kumi kwa ukubwa wa nusu mlango, nikazikata kwa wembe na rula ya chuma, nikaanza kubadilisha vipande sakafuni, na kila nilipoweka, kilikaa. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nyuso za watu wasiosalimiana zilikaa pamoja bila ubishi wowote.

Daktari alisimama juu ya ile picha ya sakafuni, mikono kiunoni. Paji la fundi funguo wa kona, macho ya bibi anayefundisha piano ghorofa ya juu, kidevu cha daktari.

"Nimependeza," akasema.

"Ni kidevu tu."

"Basi kidevu kimependeza."

Nilikuwa nimewaomba wote ruhusa, mmoja mmoja, maana uso wa mtu si mali yangu kwa sababu tu niliupiga picha. Habari zilipoenea, studio ikageuka soko. Kila mtu alitaka kujua amempa nani nini. Fundi funguo alikuja mara tatu kuulizia pua yake. Bibi wa piano, ambaye kwa miaka sita hajawahi kuniambia neno zaidi ya habari za asubuhi, alishuka ngazi na fimbo yake kuomba asipewe mdomo wa daktari, kwa kuwa daktari anaongea sana. Yule mgonjwa wa pamba alirudi amepona, akataka kujua kama naye anaweza kuingia. Nilicheka siku hizo mbili kuliko nilivyocheka mwaka mzima.

Jumatano mchana picha tano zilikuwa zimesimama ukutani zimekamilika. Na uzuri wake ulikuwa hapa: viungo havikuonekana. Paji liliingia kwenye macho, macho yakaingia kwenye kidevu, rangi moja laini juu mpaka chini. Ungedhani ni watu watano halisi. Nilijisemea, usawa ndio huu, sasa nani atabisha?

Katika zote tano, niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya katikati, kwa sababu paji lake lilikuwa la mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike wa kunifuata ni mwalimu wa hisabati, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi. Tumezaliwa tumbo moja, lakini mimi nimechukua rangi ya mama, maji ya kunde, na yeye kamchukua baba, mweusi tititi. Ana paji pana lililoinuka, la mtu anayefikiri kabla ya kusema, kitu ambacho mimi sikujaliwa. Nilimtaka ukutani pale maktaba kuliko nilivyomtaka mtu mwingine yeyote. Wanafunzi wake wote wangepita chini yake.

Alikuja saa tisa, ametoka shuleni na chaki mkononi. Nilimfumba macho kwa viganja vyangu, nikamwongoza mpaka mbele ya ukuta, nikamfumbua.

"Haya!"

Akatazama. Akaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama tena. Mimi nilikuwa narukaruka pembeni.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Si huyo wa katikati! Paji lako."

Akasogea. Akainua mkono wake, akaulaza juu ya karatasi, mkono mweusi juu ya paji lenye rangi ya chai ya maziwa.

"Dada," akasema, "hili ni paji la nani?"

"Lako, nimekwambia."

"Bibi wa piano umemgusa? Rangi yake?"

"Hapana. Bibi ni mweupe, alitoka vizuri."

"Daktari?"

"Kidogo tu."

"Na mimi?"

Nikaanza kubandua gundi vidoleni.

Sasa niseme ukweli wa kazi yetu. Aliyenifundisha kazi hii alinifundisha hivi: mteja mweusi akikaa kitini, ukishapiga, ingia kwenye kompyuta, sogeza mwanga juu hatua mbili, tatu akiwa mweusi zaidi. Hakusema kwa ubaya. Alisema mteja akijiona mweusi hatarudi. Nami nimesogeza hatua mbili miaka ishirini na miwili, mpaka mkono wangu unakwenda wenyewe kabla sijafikiri. Ukiniuliza, ningekuapia kwamba sijabadilisha chochote.

"Hawa watu hawafanani," Mwalimu akasema. "Wewe ndiye umewafananisha. Bibi wa piano amekaa pale pale alipokuwa. Fundi funguo na mimi ndio tumesogezwa. Usawa gani huu ambao sisi weusi tu ndio tumehama?"

Mimi badala ya kuona aibu nikapandwa na hasira. Ndivyo nilivyo. Nikamwambia amezoea kusahihisha madaftari, basi anaona makosa kila mahali. Nikamwambia nimekesha kwa ajili yake. Nikamwambia watu wote wamefurahi isipokuwa yeye, mdogo wangu mwenyewe.

Akangoja nimalize. "Picha yangu ya kumaliza chuo, ulipiga wewe. Picha ya harusi, wewe. Kitambulisho, wewe. Nyumbani kwangu kuna picha tisa ulizonipiga, na kila mgeni akiziona ananiuliza kama nina dada mwingine." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nimezoea, dada. Lakini kwenye ukuta wa maktaba, wanafunzi wangu wakiniangalia, hapana. Nitoe."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Alinipenda, hilo nalijua, lakini mlango aliufunga mwenyewe, na siku zote huwa anauacha wazi.

Nilikaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, nikazitazama zile picha tano kwa hasira yote niliyokuwa nayo, nikitafuta mahali alipokosea. Kisha nikafungua kompyuta nikatoa picha za asili, zile zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera kabla sijazigusa. Nilidhani nitamwonyesha kwamba hazikufaa. Na kweli hazikufaa! Fundi funguo alikuwa doa jeusi lenye macho. Mwalimu alikuwa hana shavu, hana paji, hana kitu. Nikataka kupiga kelele ya ushindi, halafu nikaona.

Kosa halikuwa la nyuso. Taa zangu zote mbili nilizipanga siku ya kwanza kwa ajili ya uso mweupe mbele ya ukuta mweupe, na tangu hapo sijazihamisha hata inchi moja. Miguu yake imeacha alama kwenye sakafu. Kila mtu mweusi aliyekaa pale alipigwa kwa mwanga uliopangiwa mtu mwingine, halafu mimi nikaja na hatua zangu mbili kumfanyia hisani.

Basi nilivyoona hivyo, sikuhuzunika. Nilitaka kazi! Kama kosa ni taa, taa zina miguu, zinahama.

Nikazibandua picha zote tano ukutani. Nilikuwa na siku mbili.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilimgongea fundi funguo. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Nahitaji uso wako," nikamwambia.

"Si unao?"

"Nilionao si wako. Njoo tu, nitakueleza njiani."

Nilimweka kitini, kiti nimekivuta mita mbili mbele ya ukuta, na ukuta wenyewe nimeufunika kwa shuka ya kahawia kutoka kitandani kwangu. Taa ya kushoto niliizima kabisa. Ya kulia niliigeuza ikatazama ubao mweupe mpana, ili mwanga ugonge ubao kwanza ndipo umfikie yeye kutoka ubavuni, taratibu. Nilipiga. Doa. Nikasogeza ubao. Nikapiga. Bado. Nikapandisha taa, nikashusha, nikaweka kitambaa, nikatoa kitambaa, nikalaani, nikaomba radhi kwa kulaani. Fundi funguo alikaa kimya muda wote, mtu aliyezoea kusubiri kufuli ikubali. Picha ya thelathini na moja ilipotokea kwenye kioo cha kamera nikaishika kwa mikono miwili.

Shavu lilikuwa na mwanga wake. Kulikuwa na bluu kidogo kwenye mfupa, kahawia iliyoiva chini ya jicho, wekundu pembeni ya pua, na weusi uliobaki weusi lakini umejaa vitu ndani yake. Mtu mzima alikuwa humo. Nilimwita aje aone.

Akajitazama. Akajigusa shavu.

"Ala," akasema. "Kumbe nina kovu hapa?"

"Ulikuwa nalo siku zote."

"Najua. Lakini kwenye picha zako sijawahi kuwa nalo."

Kuanzia hapo hakuna aliyelala raha. Niliwarudisha wote isipokuwa Mwalimu. Kipimo hakikubadilika: nilifunga uzi kwenye kamera, nikauvuta mpaka ncha ya pua ya kila mtu, macho yakakaa mstari mmoja kama kawaida, ili vipande visikataane. Kilichobadilika ni taa. Bibi wa piano nilimpangia ya kwake, daktari ya kwake, kila mmoja ya kwake, na hakuna niliyemgusa kwenye kompyuta. Daktari alitaka nimpunguzie uvimbe wa chini ya macho. Nikamwambia biashara hiyo nimefunga.

Jioni printa ikanifanyia kioja. Ililia, ikasimama, ikawasha taa yake nyekundu. Wino mweusi umekwisha. Miaka yote mimi hununua wino wa rangi nyepesi kwanza, mweusi unakaa mpaka unakauka. Nikakimbia dukani na viatu vya nyumbani nikanunua chupa zote mbili walizokuwa nazo, na muuzaji akaniuliza kama nachapisha magazeti.

Ijumaa saa sita picha nne zilikuwa zimesimama. Safari hii viungo vilionekana, tena waziwazi. Paji la fundi funguo likiwa zito na jeusi juu ya macho mepesi ya bibi, na chini yao kidevu cha daktari cha rangi ya ngano. Hakuna aliyemezwa. Ukisimama mbali unaona uso mmoja unaokutazama, ukikaribia unaona watu watatu, kila mmoja na rangi yake kamili, wameshika uso mmoja kwa pamoja. Zilikuwa nzuri mara kumi kuliko zile za kwanza.

Ya tano ilikuwa na pengo juu. Nilikuwa na mapaji mengine ya kuweka. Sikuyaweka. Nikaandika ujumbe: Mdogo wangu, nilikosea. Njoo nikupige upya. Ukiona si wewe, natoa uso wako, na pengo litabaki pengo.

Hakujibu. Saa saba, kimya. Saa saba na nusu nikaanza kumgombeza ukutani, kwenye nafasi aliyotakiwa kuwa. Saa nane kasoro, mlango ukafunguka.

"Nina dakika arobaini," Mwalimu akasema. "Nina kipindi."

Nilimkalisha. Nilimzunguka na ule ubao mpaka nikaona mwanga umelifikia lile paji lake na kutulia. Nilipiga mara sita tu. Kisha nikachapisha ya nne kwa ukubwa ule ule wa nusu mlango, na tukasimama wawili tukiisubiri itoke printani, mstari kwa mstari, nywele kwanza, halafu paji, halafu macho.

Nikaitundika. Mwalimu akaisogelea, akaulaza mkono wake juu yake. Haukuonekana mwisho wa mkono wala mwanzo wa karatasi.

Akauondoa mkono. Alitoa simu mkobani, akampigia mumewe, ambaye ni fundi wa lifti na siku hiyo alikuwa jengo la pili kutoka kwangu.

"Uko wapi? Watu wamekwama? Hawajakwama? Basi njoo studio kwa dada. Njoo sasa hivi."

Shemeji aliingia anahema, ana grisi mpaka viwikoni, akidhani tumepata msiba. "Kuna nini? Nani?"

Mwalimu akamwonyesha ukuta kwa kidole.

Shemeji akaitazama ile picha. Akamtazama mkewe. Akaitazama tena picha, akakunja uso, akitafuta jambo aliloitiwa.

"Sasa ajabu iko wapi?" akauliza. "Si mke wangu huyu? Ndivyo alivyo. Ndivyo anavyoamka kila siku." Akanigeukia mimi, hana hila hata chembe. "Shemeji, kwani siku zote ulikuwa unampiga picha nani?"

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kile kiti, machozi yanamtoka, shemeji anauliza amekosea nini, nami nacheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui kipi kimetangulia.

Nje, gari la maktaba lilikuwa linaegeshwa. Niliona mama mwenye miwani mbili akishuka mapema kabla ya saa yake, anatafuta namba ya mlango. Nikaishusha picha ya Mwalimu ukutani, nikailaza mezani, nikaweka rula ya chuma juu ya nyusi, nikashika wembe. Na hapo mkono ukagoma. Miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza nimempiga picha mdogo wangu, sasa nimkate?

Mwalimu akainuka, akajifuta macho, akaja kusimama ubavuni mwangu. Akaibonyeza rula kwa vidole vyake viwili ili isiteleze.

"Kata, dada," akasema. "Mimi nimeshajiona."

Nikakata.